Jina la Dada Ndani ya Mizani

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti linaendeleaje na baridi ya Kiamunyi? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Usiseme nimenyamaza kwa sababu ya kazi. Nimenyamaza kwa woga.

Ujumbe wa mwanao Njoroge niliusikia: "Sis, tumepata msichana mwingine, wa tatu. Sasa unajua hiyo jina ni ya nani. Piga simu umsalimie, mathe anangoja." Najua, Mama, na najua unangoja. Wasichana wawili wa kwanza hupewa majina ya nyanya zao, wa tatu la shangazi mkubwa, naye ni dada. Nilifurahi, kisha nikalia mpaka kamasi. Miezi miwili sijapiga, maana mkinipa mtoto itabidi nimwite, na tangu tumzike dada jina hilo halijatoka mdomoni mwangu.

Lakini mikono imekuwa ikiliandika. Hapa ghalani natunza programu ya zamani ya mizani ya viazi. Katika lugha yake namba unazipanga kama sahani, ya juu hutolewa kwanza, na kila kazi unaifundisha mashine kwa kutunga neno na kulipa jina. Maneno makubwa wapimaji huyaona. Yale madogo ya ndani, yanayotumiwa na maneno mengine tu, huyajua fundi peke yake. Neno la ndani la kutoa uzito wa kreti tupu nililipa jina la dada.

Wiki iliyopita zililetwa kreti nyepesi. Nikalitunga upya neno hilo, kwa jina lile lile, nikaenda zangu kunywa chai. Nilisahau jambo ambalo hata mwanafunzi analijua: maneno yaliyotungwa kabla yake huendelea kuliita lile la zamani. Asubuhi nzima mizani ilidanganya. Msimamizi wangu, mama asiyecheka ovyo, akafungua programu.

"Jina gani hili? Halisemi kazi yake. Libadilishe."

Nikamwambia ni la dada yangu, amefariki. Akanisogezea kibodi. "Pole sana. Lakini libadilishe."

Alisema kweli, na nilimchukia. Nikaandika TOA-KRETI, jina baya kabisa, kisha nikatunga upya yote yanayolitegemea. Mizani ikapima sawa. Nikaenda kujifungia chooni nikalia, maana niliona kama nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Huko chooni ndiko nilikojionea aibu. Nimekuwa nikimficha dada kwenye viazi vya watu, na mwenye jina lake yuko hapo kwako ananyonya.

Jumapili mkitoka kanisani nitapiga. Nikishindwa kusema msikate, mwekeeni mtoto simu sikioni mpaka nianze.

Nisalimie Njoroge na mdomo wake, mkewe aliyejifungua, wasichana wao wakubwa, shosho, nyanya yetu, ambaye najua bado anauliza nitaolewa lini, na huyo mdogo, Wambui. Nimeliandika jina la dada, Mama, safari hii bila kulificha.

Binti yako aliyebaki,
Nyokabi