Jina la Mwanangu Liliitwa, Nikanyamaza

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako maana hili sina wa kumwambia. Nina binti wa miaka minne mwenye pumu, tunaishi kwa posho ya serikali, na tangu utaratibu ubadilike lazima nifanye kazi saa thelathini kwa wiki, ukipungukiwa saa mara mbili unafutwa, na kadi ya matibabu ya mtoto inafutwa pia. Nimepangiwa kudeki kliniki ya watoto, na usicheke, ndiyo hiyo hiyo anakotibiwa mwanangu, ila kuja na mtoto kazini ni marufuku, basi namwacha kwa jirani mshonaji asiyependa kelele, na ili asikohoe wala kulia nampa ile dawa ya kikohozi inayoleta usingizi, kilikuwa kijiko kimoja, siku hizi viwili. Jumanne ilikuwa siku yake ya kuonwa na daktari, nikaomba ruhusa nikamlete, msimamizi akasema, "Ukitoka hapo, leo sikuhesabii," na saa zangu zilishapungua mara moja mtoto alipougua. Nikabaki. Nesi akatoka akaita jina la mwanangu, akaita tena, akatazama mabenchi, nami nikainama na dekio langu nikasugua sakafu iliyokwisha takata, akaita mtoto mwingine. Jana mshonaji aliniambia binti hakuamka hata kula, nikamtikisa sana ndipo akafumbua macho. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa Dekio

Mama wa Dekio, pole. Waliopanga saa hizo bila kuuliza mtoto atabaki na nani wana lao la kujibu. Lakini kijiko hawakishiki wao, unakishika wewe. Acha leo! Mtoto wa pumu ukimlaza kwa dawa, pumzi inaweza kumwishia humo humo usingizini.

Ukishasoma hapa, mbebe hadi kwa nesi huyo huyo, umwambie vijiko vilikuwa vingapi, usipunguze hata kimoja. Utaona haya. Ona haya, lakini sema. Mwombe daktari barua kwamba mtoto huyu anahitaji mama yake, uipeleke mwenyewe ofisi ya posho, na usiondoke bila nakala yenye muhuri. Sitakudanganya, huenda wakakufuta kabla hawajaisoma. Wangapi waliofutwa hukata rufaa sijui, wewe kata. Mtoto akikutoka, hakuna dirisha la rufaa.

Msimamizi akinuna, anune. Nesi akiita tena jina la mwanao, weka dekio chini, uitike.