Mbeleko Imempwaya Mama

Sugisawa, Akita
Mwezi wa pili, theluji bado inaanguka

Kaka yangu Tadaomi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Kiyomi, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho mwaka mpya kimekuachia. Mimi ni mzima wa kusemea tu. Mgongo unanisumbua kama unavyomsumbua kila mtu hapa kazini, na theluji niliyoikwangua juu ya paa letu juzi, leo imejaa tena. Figili zilizokaushwa kwa moshi alizoziomba wifi nimezifunga kwenye kifurushi, zitafuata nyuma ya barua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikata kauli, nami nanyamaza, halafu nakasirika peke yangu nikiosha vyombo. Safari hii nakuomba unisome hadi mwisho, ndipo ukasirike.

Ni habari za Mama na ile mashine.

Wewe uliikuta imeshanunuliwa, hukuona tulivyoichagua. Bwana Onodera, mkuu wa nyumba hii ya wazee ninamofanya kazi na Mama anamotunzwa, alikuwa amechoka kuona wafanyakazi wake wakipishana kwa daktari wa mifupa, akamwita muuzaji alete mashine za kunyanyulia wagonjwa tuzijaribu. Zilikuja za aina tatu. Moja hupita kwenye reli inayofungwa darini; fundi akapanda kukagua, akashuka akitikisa kichwa, akasema boriti hizi zina kazi ya kutosha kubeba theluji, msiziongezee na bibi za watu. Nyingine humsaidia mtu kusimama, lakini inamtaka awe na miguu miwili ya kukanyagia, na wa kushoto wa Mama unajua ulivyo tangu kiharusi. Iliyobaki ina magurudumu, na mkono wa chuma unaoshika mbeleko ya kitambaa kigumu. Mgonjwa hukaa ndani ya mbeleko, mkono ukamwinua polepole kutoka kitandani na kumshusha kwenye kiti. Tukaichagua hiyo.

Muuzaji alishika msimamo kwamba kila mmoja wetu aingie humo kwanza, ili ajue anachowafanyia wenzake. Bwana Onodera akatangulia kwa heshima ya ukuu wake, akabaki akining'inia hewani huku soksi yake imetoboka kwenye kidole gumba. Bi Nakadai, mkongwe wetu wa zamu ya asubuhi, akamwuliza kama tumwache huko huko hadi atupandishie mshahara. Tulicheka sana siku ile. Mimi nilipoingia niliogopa kidogo miguu ilipoacha sakafu, kisha ikanijia kwamba sikumbuki mara ya mwisho niliyobebwa bila mtu kuguna. Wazee nao wakapimwa. Mama akaambiwa mbeleko yake ni ya saizi ya kati, naye akamtania muuzaji kwamba amechelewa kuja kumpima nguo ya harusi, mume ameshakufa.

Halafu familia zikaulizwa kama zinakubali. Kwa upande wetu uliulizwa wewe, mtoto wa kwanza wa kiume na mkuu wa familia. Mimi ninayemwona kila siku sikuulizwa, na Mama mwenyewe hakuulizwa, wala hakuna aliyeona ajabu. Ulipokuja mwaka mpya uliikuta mashine imesimama ukumbini, ukaizunguka, ukaishika kamba zake, ukakataa. Ulisema umeendesha winchi bandarini Yokohama tangu nywele zako zikiwa nyeusi, kwamba ulimwona rafiki yako akifunikwa na mzigo uliokatika kamba, na kwamba Mama si kontena. Ulisema mikono ya watu ina joto, chuma hakina. Bwana Onodera akainamisha kichwa, nami nikainamisha changu. Mama alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Alisema Tadaomi anajua mambo ya kamba kuliko sisi, tusibishane naye.

Sikukulaumu, Kaka, na hata leo sikulaumu kwa hilo. Wako wengi hapa mjini wanaofikiri hivyo hivyo, kwamba kumbeba mzee kwa mikono ndiyo kumpenda. Basi wazee wengine wote wa ukumbi wetu wakawa wanainuliwa kwa mashine, na Mama akaendelea kubebwa.

Sasa nikuambie tulilokuficha. Muda mfupi baada ya wewe kurudi Yokohama, asubuhi moja, Bi Nakadai alimkumbatia Mama kifua kwa kifua kama kawaida ili amtoe kitandani, akasema haya, twende, na kitu kikalia mgongoni mwake. Hakumwangusha Mama. Alimrudisha kwanza juu ya godoro, ndipo naye akaenda chini, akalala sakafuni mbele ya macho ya Mama hadi wenye machela walipofika. Kutembea anatembea, lakini viatu anafungwa na mumewe. Mama alitusihi tusikuambie. Alisema wewe uko juu ya winchi mchana kutwa, ukipata mawazo utakosea.

Baada ya hapo wenzangu wengine wakashika zamu ya kumbeba. Unajua sheria ya hapa, mfanyakazi hamhudumii mzazi wake, kwa hiyo mimi Mama nilikuwa namwona akiwa ameshavishwa, amevikwa koti lake nene la pamba na shali juu yake. Nikawa nasikia wenzangu wakitoka chumbani kwake wakisema Bibi Hatsu siku hizi mwepesi, raha kumbeba, laiti wote wangekuwa hivyo. Walimwambia hata yeye mwenyewe usoni, kwa mapenzi kabisa. Sinia lake lilirudi jikoni tupu kila mlo. Uzito hawakupimwa mwezi ule, kwa sababu mafua yalilaza nusu ya wafanyakazi na waliobaki hawakuwa na mikono ya kutosha. Mimi binti yake nilimgonga begani kwa utani, nikamwambia hongera, umekuwa msichana tena. Maneno hayo yananirudia nikila, yananirudia nikilala.

Wiki iliyopita theluji ilifunga barabara, wa zamu tukabaki wawili kwa ukumbi mzima. Mama alikuwa amelowa na shuka lake, na mwenzangu alikuwa amemshikilia mzee mwingine bafuni. Nilijaribu kumbeba, mgongo wangu ukanionya. Nikaenda nikaikokota mashine. Ndiyo, Kaka, niliitumia bila ruhusa yako. Nikachukua mbeleko ya saizi yake, ile ya kati, nikampitishia mgongoni na chini ya mapaja kama tulivyofundishwa.

Ilimpwaya. Nilikaza kila mahali pa kukaza na bado ilimpwaya, nikaona angechoropoka katikati yake kama nguo kwenye hanga isiyoitosha. Nikamvua lile koti. Kaka, chini ya koti ilikuwa kama hakuna mtu. Mbavu zake unazihesabu. Ilinibidi nikaichukue mbeleko ndogo, ile ya Bibi Ine ambaye umbo lake ni dogo kuliko la mtoto wa shule.

Nilimwuliza ana nini. Kwanza akasema uzee. Nikamwambia uzee hauli mtu haraka hivyo. Ndipo akaniambia, bila kulia, kwa sauti ile ile anayoulizia kama chai ipo. Chakula chake alikuwa akimsogezea Bibi Tome wa kitanda cha pili, ambaye hakumbuki kama ameshakula, kwa hiyo anakula kila anachowekewa. Chai alikuwa akiimwaga kwenye chungu cha maua dirishani, kwa kuwa ukinywa utataka msalani, na kila kwenda msalani ni kubebwa tena. Alisema amemuumiza Nakadai, mtoto wa watu, na hataki kumuumiza mwingine. Akasema amejitahidi na imefanya kazi, kwani wote sasa wanasema yeye ni mwepesi.

Nilimwuliza kwa nini hakusema tu kwamba anaitaka mashine. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. Akasema Tadaomi alikuwa ameshajibu.

Nilimwinua. Alipoacha godoro alishika ukanda kwa mkono wake mzima, akaniuliza ni nani anayembeba. Nikamwambia hakuna mtu, ni mashine peke yake. Akauliza mara ya pili kama kweli hakuna anayeumia. Nikamwambia hakuna, Mama. Akafumba macho, akaniambia nisimshushe bado. Nilimwacha akining'inia pale kidogo, nimeshika miguu yake isipate baridi, na nililia bila kujificha. Nilipomweka kwenye kiti aliomba uji wa mchele uliotiwa sukari, kitu ambacho hajawahi kukila maishani mwake, akala vijiko kadhaa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini daktari amekuja mara mbili. Anasema figo zilikaukiwa muda mrefu na moyo umechoka, na kwamba sasa anakula kwa hamu ila mwili haupokei. Hakutaja siku. Alisema tu kama kuna ndugu walio mbali, wasingoje theluji iyeyuke. Bwana Onodera anajua nilichofanya na mashine. Aliniuliza familia imekubali, nikajibu imekubali. Uongo huo ni wangu, na ukitaka kunigombeza nitapiga magoti mbele yako nikusikilize, lakini Mama sitamrudisha mikononi mwa watu.

Mama aliniomba nisikueleze sababu. Alisema utadhani ni kosa lako. Nimemvunjia ahadi kwa sababu nisingeweza kukaa nawe kwenye mazishi ya mama yetu nikiwa najua jambo ambalo wewe hulijui. Kosa kama lipo tugawane, mimi na wewe na kila aliyemsifu.

Nisalimie wifi Kiyomi, mwambie nimemkumbuka, na figili azikate nyembamba. Bi Nakadai anakusalimu kutoka kwao, anasema hana kinyongo na mtu. Bwana Onodera pia anakusalimu. Na Mama anakusalimu sana. Yuko karibu yangu ninapoandika, anajua ni barua yako, na ameniagiza nikuandikie kwamba yeye hajambo, njia ni mbaya, una kazi nyingi, usijisumbue kuja.

Ndivyo alivyokuwa akisema hata alipokuwa hali chakula. Njoo, Kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Sanae