Kamba wa Harusi ya Zuhura

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Mvua tena. Koti halijakauka tangu juzi. Nimeanzia bucha za sokoni. Ini moja limejaa minyoo. Nimelimwagia mafuta ya taa kwa mkono wangu, maana ukilitupa hivi hivi litachimbuliwa shimoni na kuuzwa jioni. Mwenye bucha kanuna. Anune.

Chai ya saa nne hotelini, karibu na steji. Nikiingia tu, wanaanza kupangusa meza. Mpishi anaficha kucha. Hakuna anayeketi meza yangu. Hivi ndivyo ninavyoishi tangu nilipohamishwa kutoka Nyeri kuja kuwa mkaguzi wa afya wa manispaa. Nikialikwa nyumbani kwa mtu, hata na akina mama wa kanisa letu, naletewa soda. Soda peke yake. Inafunguliwa mbele yangu nione kizibo kikitoka. Sufuria zinafichwa. Wanasema ni heshima. Nimechoka na soda.

Isipokuwa kwa Mwanaisha. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane kama mimi, mtu wa Mombasa, anapikia watu sherehe. Ananipakulia bila kuuliza. Ananiita Nyambura. Mji mzima naitwa Mama Afya.

Leo maharagwe ya nazi. Nimekula mpaka nikaona haya. Binti yake Zuhura anaolewa Jumapili. Kaka yake Mwanaisha anatuma kamba wa baharini kutoka Mombasa, masanduku mawili ndani ya barafu, kwa lori la Abdi, dereva wa hapa mtaani. Watu wa huku hawajui hata kamba anafananaje. Mwanaisha anataka siku moja Eldoret ionje kwao.

Jumatano, 6 Agosti

Mwanaisha ameniomba nikasaidie kupika! Nimenye vitunguu pamoja na wanawake wengine Jumamosi. Tangu nifike mji huu hakuna aliyenikaribisha penye chungu. Nimemwambia sijui kama nitapata nafasi. Uongo. Nimeshapiga pasi leso.

Mgeni wa heshima atakuwa mwenyekiti wa tawi la chama tawala. Mwanaisha ameshamwahidi sahani ya kamba. Atakuja na beji yake na watu wake. Sawa tu, ale.

Alhamisi, 7 Agosti

Lori halijafika. Abdi amepiga simu dukani kwa binamu yake. Limeharibikia Timboroa, spea inatoka Nakuru. Mwanaisha hana wasiwasi, anashona. Mimi ninao. Nawaza barafu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kamba wamefika mchana. Barafu hakuna. Abdi anaeleza kwa majivuno jinsi alivyowaokoa. Barafu ilipoyeyuka akamwaga maji, akafungua vifuniko, akayapanga masanduku kwenye nyasi kando ya barabara wapigwe na baridi.

"Mama, Timboroa ni friji ya bure," aliniambia. "Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka!"

Hakuwa anatania. Hapa watu wote wanaamini hivyo. Nyama inalala juu ya meza, maziwa dirishani, kwa sababu Eldoret ni baridi. Lakini baridi ya kutetemesha mtu si baridi ya barafu. Vijidudu vya samaki havivai sweta. Na mchana jua lilitoka, halafu wakafunikwa turubai mpaka Cheptiret na mpaka hapa.

Nimeinamisha pua. Harufu ya nepi iliyolala na mkojo. Ute kwenye vidole. Vichwa vinatoka vyenyewe ukigusa. Weusi kidogo maungoni, huo peke yake nisingeujali. Ute na harufu ndivyo vilivyoniambia.

Mwanaisha amesema ni uchovu wa safari. Yeye na wanawake wa jikoni wakawaosha kwa siki na ndimu. Harufu ikaisha kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa. Ndimu imeondoa harufu, vijidudu viko palepale, na sasa hakuna pua itakayowaonya watu.

Wamewachemsha, wamewamenya kwa mikono, wanaimba. Wamejaza sufuria kubwa na kuiweka stoo, bila friji. Watakaangwa Jumapili. Zuhura alinipa kisu nijaribu kumenya mmoja. Nikacheka. Nikamenya. Sikusema kitu. Mwoga mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesema.

Nimemngoja awe peke yake uani. Nikamwambia, dada, hawa wasiliwe. Akasema wamechemshwa na watakaangwa, moto unaua kila kitu. Nikamweleza polepole. Moto unaua vijidudu, ndiyo. Lakini viko vinavyoacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiogopi moto. Halafu wamemenywa na mikono mingi, wakalala ndani ya stoo inayopakana na majiko ya mkaa. Baridi ya Eldoret imebaki nje ya mlango.

Nikamwambia na la pili, kwa sauti ya chini. Watu wakiumwa tumbo kwenye harusi, ni aibu. Mwenyekiti wa chama akitapika, hakuna atakayesema vijidudu. Watasema siasa. Watasema ulitumwa umwekee sumu. Land Rover ya polisi itasimama mlangoni pako na mimi sitaweza kukutoa.

Kaka yake amejinyima kwa ajili ya masanduku hayo. Mtaa mzima unajua. Wakwe wanajua.

"Hata siku ya Zuhura unaniletea kazi yako?" Kisha, bila kupandisha sauti, "Nenda nyumbani, Mama Afya."

Hajawahi kuniita hivyo. Hata siku moja.

Abdi alikuwa mlangoni akinisikiliza. Akaingia stoo, akachota konzi nzima, akala akinicheka. "Mbona sijafa?" Akapanda lori akaenda Moi's Bridge kubeba mahindi. Wanawake nao wakacheka. Vitunguu sikumenya.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika na nisijipambe.

Nimeenda asubuhi kabla ya wageni. Nilimwomba tena. Akanipa mgongo, akaagiza karai la kukaangia liletwe. Nikarudi kwangu, nikachukua chupa ya mafuta ya taa, ile ya kazini. Nikaingia stoo. Nikamimina juu ya sufuria yote mpaka chupa ikaisha.

Wangeweza kufukiwa tu, bila mafuta. Lakini nawajua watu na nyama iliyofukiwa. Kazi imeniharibu, najua.

Nyimbo zilikatika. Kuna aliyeniita mchawi. Mwanaisha alisimama na mwiko mkononi. Hakulia, hakutukana. Alisema tu, "Umeniaibisha mbele ya watu wangu." Zuhura alikuwa na hina mikononi, hakuweza hata kujifuta machozi.

Nimekaa nyumbani siku nzima, mlango umefungwa. Kupitia ukutani nimesikia harusi yote. Walikula pilau ya mbuzi. Mwenyekiti alihutubia, akapigiwa makofi. Hakuna aliyeumwa. Yaani hakuna aliyeona nilichozuia. Asubuhi na mapema nilikuwa na rafiki.

Jumanne, 12 Agosti

Abdi yuko hospitali. Alianza kutapika Moi's Bridge usiku wa Jumamosi, akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Amewekewa maji ya mshipa. Nimeenda kumwona. Daktari anasema atapona. Abdi amegeukia ukuta, halafu akasema, "Mama, ile konzi moja tu." Nikamwambia alale.

Sikuona raha. Nilidhani nitaona raha. Nimetoka mle nikiwahesabu waliokuwa wakae kwenye mkeka wa harusi.

Habari imeshafika mtaani. Mwanaisha anajua. Taa yake imewaka jioni yote. Nimengoja abishe hodi. Nimeacha mlango bila komeo.

Alhamisi, 21 Agosti

Hakuja.

Idi Kubwa imepita wiki iliyopita. Kila mwaka sahani yangu ilikuja imefunikwa kitambaa cha maua. Mwaka huu nimesikia sahani za wengine zikitoka.

Mtaani sasa wananisifu. Mwenyekiti mwenyewe amenisalimia barabarani kwa mikono miwili. Hotelini wanapangusa meza kwa nguvu zaidi. Nilikuwa sahihi. Nimekula ugali na sukuma peke yangu, nikiwa sahihi, nikisikia anakuna nazi upande wa pili wa ukuta.

Nammisi. Basi.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya kanisa nimeenda mwenyewe. Mvua imekatika, uani pamekauka. Nimebisha. Amefungua haraka, nadhani alinisikia nikija.

Amenipokea vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. Kiti kimepanguswa. Akauliza kuhusu kazi. Nikauliza kuhusu Zuhura, yuko kwa mumewe, hajambo. Jikoni kulikuwa na kitu cha nazi motoni, nilikisikia kikichemka. Nilikuwa sijala tangu jana makusudi.

Akainuka. Akarudi na soda. Akaiweka mbele yangu, akaifungua nione kizibo kikitoka.

Nilidhani bado ana hasira. Kwa hasira ningejua la kufanya. Nikamtazama usoni, haikuwa hasira.

"Naogopa kukupikia," akasema. "Ningewalisha watu wangu wote, Nyambura. Kwa mkono huu. Tangu siku ile kila nikipakua nanusa kwanza, na bado siamini."

Nyambura. Amesema Nyambura.

Nilitaka kumwambia anipe chochote kilichoko kwenye chungu kile, nitakula bila kunusa. Mimi hodari wa kukataza tu. Nikainywa soda yote, tamu, vuguvugu. Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Chupa nimekuja nayo. Iko hapa mezani. Ni ya duka, lazima irudishwe, na yeye ndiye aliyeiazima.

Sikuisahau mkononi. Niliichukua. Kesho nikitoka kazini nitampelekea, saa ile anayopakua.