Muguu wa Félicité Unakunywa Maji

Jumanne, 21 Agosti 2001

Daftari yangu, mbote. Umeamka salama? Mimi mwili iko muzima, Mungu asifiwe, lakini roho imechoka. Muguu wa Félicité umepasuka tena. Wa tatu! Tangu vita ya siku sita ya hapa mujini, mwaka jana, obus ya muzinga ilipomukata mutoto wangu chini ya goti, namuchongea muguu wa muti mwepesi. Kila mvua muti unakunywa maji, unavimba, unapasuka. Masomo yanafunguliwa tarehe 3 kwenye shule anakofundisha. Directrice amesema wazi: mwalimu asiyeweza kusimama, nafasi yake atapewa mwingine. Na verni ya kupaka muti usiingize maji hakuna. Mto umefungwa na vita, mashua hazipandi toka Kinshasa.

Ijumaa, 24 Agosti

Nimeona Papa Édouard, aliyekuwa akiwakatia watu wa université vipande vya miti vya kuchunguza kule pori ya Masako. Anasema muti umejaa vitundu kama mukate. Soda kali ya kupikia sabuni inaondoa kinachoziba, vitundu vinapanuka. Hapo mafuta ya moto yanaingia mpaka ndani, maji yanakosa pa kukaa. Lakini soda peke yake — ole! Muti utakunywa kuliko mulevi. Bon. Soda iko nyumbani, Kaswera, bibi yangu wa ndoa, anapika sabuni.

Jumanne, 28 Agosti

Nimejaribu vipande viwili vya ubao mumoja: kimoja cha soda, kingine hivihivi. Siku mbili ndani ya maji, kisha kwenye mizani ya Kaswera. Cha soda kimekunywa karibu mara mbili ya kingine! Papa Édouard hakudanganya. Donc nimeloweka muguu mupya kwa soda, nikasuuza mara moja tu, nikaukausha kwa moto, nikauchemsha ndani ya mafuta ya mawese. Unang'aa! Nimepiga magoti, nikashukuru.

Alhamisi, 30 Agosti

Aibu! Mvua imemukuta Félicité sokoni. Muguu ukatoa povu. Povu nyeupe, kila hatua! Ameteleza mbele ya wauza majani ya pondu. Mumoja akapiga kelele: "Mwalimu, pitia kwangu, nina nguo za kufua!" Amerudi anacheka na kulia pamoja.

Kaswera akaugusa muguu kwa ulimi, vile wapika sabuni wanavyopima soda. Akatema, akaniambia:

"Papa Félicité, soda ilibaki ndani, ukaitia mawese. Umepika sabuni ndani ya muguu wa mutoto!"

Miaka ishirini na tano nalala na mupika sabuni — sikumuuliza hata neno moja!

Jumamosi, 1 Septemba

Muguu mwingine. Soda, maji, maji ya ndimu ya kuua soda, maji. Kaswera anaonja: bado. Bado. Mara ya tisa: sasa. Lakini umelewa maji, na jua limekataa kutoka. Mafuta hayaingii ndani ya muti mubichi.

Jumapili, 2 Septemba

Tumetoka misa. Félicité ameuinua muguu mupya — muzito kama jiwe.

"Félicité mama, ungoje Jumatano, utakuwa umekauka," nikamuambia.

"Papa, Directrice hatangoja Jumatano. Nipe ule wa povu."

Amekaa mulangoni, anaufunga na sachet za plastiki. Mawingu yamejaa juu ya mto. Mimi sijui nimubariki ama nimufichie kamba za kufungia muguu.

Daftari, wewe huna mudomo. Basi Wewe Bwana, unayesoma nyuma ya bega langu: nifanye nini? Tafadhali nijibu upesi. Darasa ni kesho, saa moja asubuhi.