Mshindi Haondoki

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, na humu ndani hakuna anayeniongelesha.

Mama mkwe kafika jana kutoka Lindi, na sukari hamna. Salma, mke wangu, akanituma duka la ushirika: "Usirudi mikono mitupu, baba Asha. Utanitia aibu kwa mama." Nikaenda, nikaweka kikapu changu kwenye foleni, karibu kabisa na mlango. Duka lilikuwa bado halijafunguliwa. Kwenye baraza ya jirani, Mzee Mchopa, mwenye nyumba wetu tunayekaa naye nyumba moja, anachanganya karata peke yake.

Nikasema moja tu.

Nikamfunga. Nikamfunga tena. Duka likafunguliwa, watu wakaanza kusogea, nami nimekwama. Maana hapa Kariakoo mkicheza wawili, mshindi haondoki. Aliyefungwa ndiye anayesema basi. Ukinyanyuka na ushindi wako umemdharau mwenzio, na huyu mwenzangu ndiye mwenye nyumba!

"Mzee, foleni inatembea."

"Unifunge halafu ukimbie? Kaa."

Basi nikaamua nifungwe. Nikatupa turufu ovyo, yeye akatupa ovyo zaidi. Wallahi sijapata kuona mtu anayeshindwa kushinda namna ile. Mara akanikazia macho. "Unaniachia? Mimi mtoto mdogo?" Tukaanza upya.

Huko dukani watu wema wanakisogeza kikapu changu kwa miguu hadi mlangoni. "Mwenye kikapu!" Wakaita wee, mwisho wakakiweka pembeni.

Hapo ndipo mzee akanifunga, kihalali kabisa. Akacheka mpaka akakohoa, akanipiga bega. "Haya, basi mwanangu. Kachukue sukari."

Nilikuwa huru. Foleni bado ipo, ningewaomba wangenirudisha. Nikajisikia nasema, "Ah, mzee! Moja tena."

Hiyo moja ikazaa nyingine. Nilipokuja kuinua kichwa, wanafunga mlango.

Jioni tumekunywa chai ya chumvi. Salma kanuna, hata kikombe changu kaniwekea sakafuni. Mama mkwe akanywa yote taratibu, akasema, "Ahsante mwanangu, chai nzuri." Afadhali angenitukana! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho alfajiri nawahi foleni, na nitatokea mlango wa uani nisimwone mzee. Karata basi. Nimeapa.

Ila ile aliyonifunga, nimeifikiria tangu magharibi. Ilikuwa bahati tu.