Alhamisi za Mama Irène

Carama, 9 Juni 2024

Landry,

Ulipotelea wapi? Miaka saba! Hata mbuzi aliyekata kamba anarudi siku moja kuangalia mahali alipofungwa. We, apana. Unakaa huko Kalemie kutengeneza mashine za boti za watu, na boti hizo hizo zinafika Bujumbura na mchele na mafuta, lakini we hauko ndani. Niliacha kwenda bandarini kuuliza. Wabeba mizigo walianza kuniita muke wa ziwa.

Haya, salamu. Uko muzima? Unakula vizuri, au unakula umesimama kama askari? Mi niko muzima, Mungu asifiwe. Goti la kushoto tu linalalamika, nimelizoea kama mutu anavyozoea jirani mubaya. Mujukuu wangu Benite hajambo. Ghanima wa duka hajambo, na ndiye anaandika, maana mi shule niliiona kwa nje nikipita na kuni kichwani. Anasema nikusalimie, "yule kijana asiye na haya." Nimemwambia hilo ni langu kusema, si lake.

Simu sipigi. Simu unaikata. Karatasi itakukalia mezani ikikuangalia.

Sasa sikia. Kanisa la Bukavu lilipowatuma wazazi wako hapa kama wamisionari, Pasta Cirimwami mbele na biblia, mama yako Irène nyuma na masufuria, we katikati na suruali iliyofungwa kwa kamba, hamkuwa na ndugu hata mumoja muji huu. Mi ndiyo nikawa ndugu. Baba yako alikufa akazikwa kwao. Mama yako akabaki na kazi, akafia hapa. Maiti yake ilitoka kwenye mlango wangu, kwa hiyo kilio ni cha nyumba yangu, na sasa ni mwaka na miezi mitatu matanga hayajaondolewa. Kwetu Warundi kuna siku ya kuganduka: watu wanarudi, wanakunywa, mutoto wa marehemu anasimama anawashukuru waliomzika, na hapo ndipo nyumba inaruhusiwa kucheka tena. Mutoto wa Irène ni mumoja. Kwenye kuzika hukufika. Nilisema ni karatasi za mpaka, nilisema ni ziwa, nilikutetea mpaka ulimi ukachoka.

Na Benite amepata muchumba. Wazazi wa kijana wamekuja mara mbili na maneno mazuri. Nimewaambia: uwanja wenye kilio haupigwi ngoma ya harusi. Sasa Benite ananinunia, anaosha sahani kama anazipiga. Ana haki.

Ukuje.

Bibi yako,
Sidonia

*

Kalemie, 30 Juni 2024

Bibi yangu,

Amani kwako na kwa nyumba yote. Barua niliipokea mkononi mwa Tajudini wa boti. Alisimama pale pale mpaka nikaifungua, nadhani ulimwagiza. Mimi ni mzima, ninakula, na ninakula nimekaa. Pole kwa goti. Msalimie Mama Ghanima, umwambie haya ninayo kidogo.

Bibi, mimi nilijua matanga ya mama yalikwisha. Siku ya tatu baada ya kupata habari, watu wa kanisa la hapa walikuja kwangu. Tuliimba, tukala, mchungaji akaomba, akatangaza kwamba msiba umeondoka. Ndivyo nilivyomwona baba akifanya kwa watu wengine. Kumbe mwaka mzima huko mnakaa katika kilio mkiningojea! Kwa hilo nisamehe, sikujua.

Lakini kuja siwezi. Kazi ni nyingi. Mwambie Benite aolewe. Kama inahitajika ruhusa yangu, ninampa. Nimemtuma Tajudini na kitenge chake.

Mjukuu wako,
Landry

*

Carama, 14 Julai 2024

Landry,

Umelala? Umeamka? Sisi tumeamka. Kitenge ni kizuri sana, Benite amekipenda, na mi nimemrudishia Tajudini. Kitenge hakiwezi kusimama na kushukuru watu.

Ruhusa! Ghanima alipofika hapo alivua miwani. "Sidonia," akasema, "huyu mutoto anakupa ruhusa kama mudiri wa biro ya serikali." Tulicheka, halafu nikakasirika.

Muliimba upande wa pili wa ziwa, muzuri. Wale waliochimba kaburi la mama yako kwenye mvua kule makaburi ya Mpanda, nani aliwaimbia? Na wale wa Alhamisi? Miaka ishirini na zaidi, kila Alhamisi, mama yako alipika uji wa soya uani kwangu. Sukari ilitoka kwa Ghanima, Mwislamu na sukari yake, hakukosa hata mara moja. Tuliubeba wawili, mi na mama yako, mpaka hospitalini, kwa wale wasio na mutu. Unajua hapa mugonjwa anapikiwa na ndugu zake. Asiye na ndugu anatazama midomo ya wengine. Mama yako aliwalisha, akawaosha, akakata kucha zao. Kuhubiri alikuwa hajui. Aliogopa watu wengi. Baba yako ndiye alikuwa na sauti, yeye alikuwa na ndoo.

Yuko mumoja, Bonfils, alikatwa muguu, akakaa kitandani miezi mitano. Leo anashona viatu Kamenge. Kila mwezi anakuja na magongo yake mpaka hapa: "Mama, mutoto amefika?" Namwambia bado. Anakunywa maji, anarudi. Goti langu linalalamika bure, likimwona linaona haya.

Unasema kazi ni nyingi. Landry, nimekuogesha, nakujua ukidanganya. Niambie kweli, hata kama ni mbaya.

Bibi yako,
Sidonia

*

Kalemie, 20 Oktoba 2024

Bibi,

Amani. Sijui kama goti limepoa, natumaini hivyo. Mimi mwili ni mzima.

Barua hii nimeianza mara nne. Uliomba kweli, basi ni hii: siwezi kusimama mbele ya watu hao niwashukuru, kwa sababu shukrani sina.

Unakumbuka ile Alhamisi ya malaria? Nilikuwa na miaka tisa. Nililala kwenye mkeka wako, meno yanagongana, bati la juu linazunguka. Nilikuomba umwite mama. Ulitoka, ukarudi na jasho, ukaniambia, "Nimemwambia, anakuja." Nikangoja. Kila mlango ulipolia nilijua ni yeye. Alikuja giza limeshaingia, ananuka dawa ya hospitali, nami nikajifanya nimelala. Sikumuuliza kitu. Naye hakuniambia kitu, si kesho yake wala siku nyingine yoyote.

Alisikia mtoto wake anamwita, akabaki kulisha watoto wa wengine. Baba na mama walitumwa kwa watu wote wa Bujumbura. Kwangu alitumwa nani? Ulitumwa wewe, Bibi, na kwa hilo nashukuru hadi leo. Lakini nilikuwa nimemwita yeye.

Benite asinichukie. Fanyeni bila mimi.

Mjukuu wako,
Landry

*

Carama, 3 Novemba 2024

Landry mutoto wangu,

Leo salamu ni fupi. Mi muzima. Mungu akulinde.

Ghanima alinisomea barua yako mara moja, nikamkataza kurudia. Nimekaa nayo siku nne. Sasa naongea, yeye anaandika, na akisimamisha kalamu namgonga.

Mi sikumwita mama yako.

Kwenda nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye dirisha la chumba cha wamama. Nikamwona Irène amekaa kitandani, kichwa cha mugonjwa kiko mapajani kwake, mwanamuke wa kutoka milimani, anakata roho. Nikapima kwa akili yangu: huyu hana mutu, Landry ana mi. Nikageuka. Njiani nikatengeneza uongo wa kukupa, nikakupa, ukatulia. Nilifurahi ulivyotulia.

Mama yako alipofika akakugusa, akashtuka. Akanivuta nje. "Sidonia, mutoto anachemka hivi! Aliniita?" Nikasema apana, alilala tu. Uongo wa pili. Niliogopa angeziacha Alhamisi. Na niliogopa kitu kingine, kibaya zaidi: kwamba angekutoa kwangu. Mi watoto wangu vita ilikuwa imewamaliza, alibaki mama yake Benite tu. Nilishazoea tena kuwa na mutoto wa kulala kwenye mkeka.

Basi we ukabaki unajua alisikia akakataa. Yeye akabaki anajua hukumwita. Mulikula meza moja miaka yote hiyo hivyo, na mi katikati napakua maharagwe. Ulipoondoka kwenda Kalemie aliniambia, "Landry hakuwahi kunihitaji." Nilikuwa na maneno mudomoni. Nikameza. Amekwenda chini ya udongo akifikiri hivyo.

Ghanima analia. Nimemgonga, anaendelea kulia, lakini anaandika.

Benite anafikiri naishikilia desturi. Desturi ni kweli. Lakini pia nilikuwa nasubiri we ufike ili nikwambie hili uso kwa uso, na nilishukuru kila boti iliyokuja bila we. Ndivyo nilivyo.

Sikuambii tena ushukuru. Tutakaosimama ni sisi. Tulimchukua mama ya mutoto kila Alhamisi, na hakuna mutu mukubwa hata mumoja aliyemuuliza mutoto kama anakubali. We ukuje ukae kwenye kiti. Ukitaka kunitukana mbele ya watu, tukana. Benite nimeshamwambia asikuzuie.

Bibi yako, kama bado,
Sidonia

*

Kalemie, 18 Desemba 2024

Nitafika Ijumaa, tarehe 10 Januari. Kuganduka kuwe Jumamosi. Nitalala kwa Mama Ghanima.

Landry

*

Carama, 26 Januari 2025

Landry wangu,

Ulifika salama? Ziwa halikukutapisha? Hapa wote wazima. Goti limetulia, sijui limeogopa nini.

Naanza na ile karatasi yako ya Desemba, ambamo hukuandika "mjukuu wako." Ghanima alijaribu kunificha, akasoma kwa haraka. Nikamwambia, rudia mwisho. Akarudia. Sikula siku hiyo. Lakini nilimwambia Benite atafute viti.

Asante ulikuja. Nasema asante kwanza, halafu mengine.

Ulinisalimia kwa mkono kama afisa, nikasema sawa, nimestahili. Nilipopiga magoti mbele ya watu wote na kusema uongo wangu wote wawili, kwa sauti, na baba mukwe wa Benite akisikiliza, hukuniinua. Sawa pia. Aliniinua Bonfils, mutu wa muguu mumoja, tukakaribia kuanguka wote, na watu wakacheka. Ni yeye aliyefungua kicheko cha nyumba hii.

Na maneno yake unayakumbuka, lakini nataka uwe nayo kwenye karatasi: "Mimi ndugu zangu walinikimbia kwa sababu ya harufu. Mama ya huyu hakuziba pua. Sikujua kulikuwa na mutoto anamngoja. Petit, mudogo wangu, unisamehe, na asante." Wakapanga foleni, wote wa Alhamisi, wakakushika mkono, na muzee mumoja wa kutoka Kigobe akakushika mara mbili. Nilidhani utakimbia. Ukasimama. Ukasema, "Nilimwita. Hakujua kama nilimwita. Asanteni kwa kumzika." Ukakaa. Hapo ndipo matanga yalipoondoka, Landry, kabla hata ya Fanta kufunguliwa.

Jumapili kule Mpanda uliniambia nibaki barabarani. Nikabaki. Ulikaa na mama yako muda murefu, peke yenu. Ulichomwambia si changu. Ghanima alitaka kuniuliza, nikamwambia afunge mudomo.

Kwamba umenisamehe hujasema. Sikuulizi. Lakini uliporudi kutoka Mpanda uliingia kwangu bila kuitwa, ukala mboga ya lenga-lenga na samaki wadogo wa ndagala, ukaongeza. Usiku huo Ghanima alikutandikia kitanda, na we ulisinzia kwenye mkeka wangu. Nilikaa macho mpaka asubuhi nikikutazama, mujinga muzee. Mungu amenipa zaidi ya nilivyostahili, na nimemwambia hivyo bila kupiga kelele.

Benite anaolewa tarehe 15 Februari. Sahani sasa anaziosha polepole, anaimba vibaya.

Na we, sikiliza vizuri. Siku ukirudi, utakuta uani kwangu kuna watu, hapa hawakosekani: mugonjwa, muchungaji, mutu na shida yake. Usisimame pembeni kungoja wamalize. Pita katikati yao, wakanyage miguu ikibidi, na uniite kwa sauti kubwa mpaka niache kila kitu nije.

Bibi yako,
Sidonia