Filimbi ya Kifua cha Mama Njeri

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumapili

Mama mpendwa,

Kuna filimbi ambayo haijanitoka masikioni kwa wiki tatu sasa. Si ya treni, ni ya kifua cha mwanamke. Lakini kwanza niambie, goti lako limepoa? Na Baba bado anakataa sweta asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka.

Mwenye filimbi ni Mama Njeri, fundi cherehani wa mtaa wa Kware, aliyeletwa wodini kwetu na pumu. Kila alipotoa pumzi, kifua kililia. "Sista," aliniambia, akikatakata maneno, "huyu refa... wa kifuani... mechi anamaliza lini?"

Nilicheka. Nikachota damu kwenye ule mshipa unaodunda kwenye kifundo cha mkono, nikaifukia sindano ndani ya bakuli la barafu, nikakimbia maabara kabla damu haijaharibika. Kipimo hicho huonyesha hewa iliyomo ndani ya damu. Hewa chafu ilisoma 28. Ilikuwa chini, maana alikuwa akihema kwa nguvu na kuitoa yote.

Saa sita mchana filimbi ikanyamaza.

"Mungu ni mwema, amepata usingizi," akasema mgonjwa wa kitanda cha pili. Mimi niliona jasho kwenye paji, midomo imepauka, na kifua kinainuka kidogo mno. Nilipomwita, alifumbua macho kwa shida asijibu. Nikachota damu tena. 41.

Daktari wetu wa wodi aliitazama karatasi. "Arobaini na moja ni kawaida, sista. Mwache alale."

"Ni kawaida kwako wewe uliyesimama hapo, daktari. Huyu asubuhi alikuwa na 28. Imepanda kwa sababu hana tena nguvu ya kuitoa."

"Kwani umekuwa daktari lini?" Akaenda kula.

Mama, wewe ndiye uliyenifunza jambo hili kabla ya chuo. Tulipokuwa tukipanda kilima kutoka kinuni, unga kichwani, ulisema anayehema bado anapanda. Anayenyamaza, mshike kabla hajaanguka. Sikumngoja daktari amalize chakula. Nilimwacha muuguzi mwenzangu kando ya kitanda cha mgonjwa, nikaenda hadi mlango wa chumba cha upasuaji, nikamwita daktari wa usingizi. Alikuja na kofia yake kichwani, akamtazama mgonjwa mara moja tu, akamwingiza bomba kooni na kumfunga kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya tatu bomba lilitolewa. Mama Njeri alinitafuta kwa macho, akanong'ona, "Refa alikuwa ameenda wapi?"

Nilijifungia chooni nikalia.

Wiki iliyofuata matroni, mkuu wetu wa wauguzi, aliniita. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa taipu tayari: kwamba mimi, kwa kukosa adabu, nilimruka daktari wangu, na kwamba naomba radhi. Nisipotia sahihi, nitaondolewa wodini nipelekwe chumba cha kufunga vidonda. "Hakuna anayesema ulikosea kuhusu mgonjwa," alisema. "Ulikosea utaratibu."

Mjomba, ambaye ndiye aliyenipa pa kulala hapa, alinisihi siku nne mfululizo. "Mpwa wangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Sahihi ni wino tu." Najua alikuandikia, kwani barua yako ikaja na maneno hayo hayo. Niliisoma mara nyingi, Mama, kwa sababu sijawahi kukukatalia jambo. Naipenda wodi ile. Lakini nikiandika kwamba nilikosea, muuguzi atakayekuja baada yangu ataona 41, atakumbuka yaliyonipata, na atakaa kimya. Na mgonjwa wake pia atakuwa kimya.

Nisalimie Nyanya, na umwambie miwani yake nimeipata. Msalimie dada yangu mkubwa aliyejifungua, na mdogo wetu wa darasa la saba, aache kuchora kwenye daftari la hesabu. Baba mwambie asimlaumu mjomba, alijitahidi.

Juzi Ijumaa nilimrudishia matroni karatasi yake. Mahali pa sahihi nilipaacha wazi. Niliigeuza, na nyuma nikaandika namba mbili, 28 na 41, na saa ya kila moja, na nilichokiona usoni pa mgonjwa. Hapo chini ndipo nilipotia sahihi, jina langu lote. Kesho naanza kufunga vidonda.

Ni mimi binti yako,
Nekesa